Gramu za Kikombe cha Edina

Mizani ilisoma thelathini, na mzee Octavian akaitamka namba hiyo kwenye simu kama alivyokuwa akisoma taarifa za mvua enzi za kazi yake, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

“Thelathini siyo, Baba,” alisema binti yake Ritha, kutoka Njombe. “Jana niliweka hizo hizo ulizonitajia, nikapata maji mekundu tu.”

Marehemu mama yake alipima maua makavu ya kuchemshia juisi ya choya kwa kikombe cha bati: viwili kwa sufuria moja. Kikombe kilibaki Miyuji kwa baba, na huko Njombe choya ilipimwa kwa gramu.

“Naanza kuisahau ladha yake, Baba. Ikinipotea hii, sitaipata tena.”

Octavian alisikia. Kusikia alikuwa akisikia kila kitu, hata pole za majirani, ila hakuna kilichomgusa. Tangu wamzike mkewe Edina alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ukiufinya hauumi. Kanisani walimsifu kuwa ni jasiri. Ujasiri wapi! Ilikuwa ganzi tu.

Akashindilia maua kwa kiganja. Hamsini na mbili. Yakavunjika, vumbi jekundu likamganda vidoleni. Alipoyamwaga na kuyajaza upya bila kuyashindilia, mizani ilisoma thelathini na tano. Kumbe kila akiyapima anayaharibu, na hayo ndiyo maua ya mwisho ambayo Edina aliyaanika kwa mikono yake.

“Hukumbuki alivyokuwa akijaza?”

Angekumbukaje? Miaka yote ya ndoa alikaa sebuleni na taarifa ya habari, ameligeuzia jiko mgongo, choya ikimfuata pale pale alipo. Bwana mkubwa! Alichoambulia ni sauti tu. Akafumba macho. Mchakacho wa maua. Kikombe kikigongwa mezani, ko, ko. Mchakacho mwingine, mfupi. Ko. Aliwahi hata kumkemea: Mama Ritha, utatuvunjia meza.

Akachambua maua mazima yaliyosalia, akajaza kikombe, akagonga mara mbili, akaongeza, akagonga tena.

“Arobaini na moja,” alisema.

Jioni simu iliita. Ritha alisahau hata shikamoo.

“Ndiyo yenyewe, Baba! Ndiyo yenyewe kabisa!” Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

“Vizuri, mama,” alijibu Octavian. Aliona nafuu kidogo, ile ya mtu aliyemaliza kazi ya ofisi.

“Sasa sukari. Yako naijua, vijiko vitatu. Mama alikuwa anaweka vingapi?”

“Si hivyo vitatu?”

“Hiyo ni yako. Nauliza ya kwake. Leo nataka kunywa kama alivyokuwa akinywa yeye.”

Octavian alifumba macho tena. Akatafuta kichwani: sinia, bilauri yake ndefu, mkono wa Edina ukiiweka mezani mbele yake. Akatafuta bilauri ya pili. Akaitafuta Krismasi, akaitafuta siku za wageni, akaitafuta hata jioni zile za mwisho. Hakuiona popote.

“Baba? Upo?”

“Sijui,” alisema. Kifua kikamuuma, akashika ukingo wa meza. “Sijui, mama. Sikuwahi kugeuka nikamtazama.”