Maziwa ya Mtoto Mmoja

"Basi, mpishe mwenzako," Apolinaria alimwambia mjukuu wake Kulwa, akamtoa kwenye ziwa na kumweka pacha wake, Doto, kifuani pa mama yao, Veneranda. Doto alinyonya mara tatu, nne, kisha akalia. Hakukuwa na kitu.

Veneranda hakuinua macho kumtazama mama mkwe wake. Tangu kuzaliwa alikuwa na baka jeusi, kutoka shingoni hadi chini ya bega la kushoto. Alipovunja ungo, baka likaota vinyweleo, lakini ziwa la upande huo halikuota, na mkono wake ukabaki mfupi. Pale Ntalikwa walimjua kwa vyungu vyake: mkono mfupi ukishikilia udongo kwa ndani, mrefu ukiulainisha kwa nje. Lugembe, mumewe, alipenda kutania kwamba alioa vyungu, mke akaja kama nyongeza. Sasa Lugembe alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, wala hakujua kuwa ni baba wa pacha.

Miezi miwili Veneranda alikuwa hajalala. Juzi Ambrosi, mganga wa zahanati, aliwapima watoto akamwambia taratibu, "Mama, maziwa yako ni mazuri. Ila ni ya mtoto mmoja."

Kisha ikaja habari kutoka Ziba: Eustadia, dada yake Lugembe, amefiwa na kichanga, na maziwa bado yanamtoka.

"Nitampelekea Doto," alisema Apolinaria. "Ndiye anayekwisha."

"Siku tatu kwa miguu, mama? Kwa maziwa ya ng'ombe ya kuomba njiani?"

Apolinaria akazipapasa mbavu za Doto.

"Doto hatafika," alisema Veneranda. "Mchukue Kulwa. Huyu ana nguvu."

"Kulwa ameshaanza kukuchekea, mwanangu."

"Najua."

Veneranda alimfunga Kulwa mwenyewe mgongoni mwa bibi yake, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Apolinaria akashika njia ya zamani ya misafara. Veneranda hakuwasindikiza.

Aliketi, akampakata Doto. Mtoto alinyonya mbio mbio, jicho moja wazi, kama aliyezoea kuondolewa. Hakuna aliyemwondoa. Akapunguza. Akapumzika, akaanza tena, safari hii polepole. Usingizi ulipomchukua, maziwa yalikuwa bado yanadondoka, tone kwa tone, shavuni pake.