Radi na Wimbo wa Muuza Tofu

...na ipige tena, moja tu, karibu zaidi, nyuma ya mlima ule pale, Sonobe alikuwa akiomba kimoyomoyo, mtu mzima anayekaribia sitini kuombea radi kama mtoto anayeombea shule ifungwe, na radi ikapiga kweli, ikaviringika bondeni, na msichana wa waandaaji aliyekuja na redio yake ya mkononi akainama mbele yao, "Samahanini sana, mtuvumilie kidogo, wamesema tusubiri hadi radi ipite," akainama tena, akaondoka mbio, na Sonobe akailaza tromboni mapajani na kushusha pumzi, maana umebaki wimbo mmoja tu, na ni ule, ni ule ule kila siku, na solo lake ni lake yeye, na mdomo wake umekufa. Mdomo wa juu, upande wa kushoto, tangu majira ya kuchipua, akiugusa kwa ulimi ni kama anagusa mdomo wa mtu mwingine. Daktari kule Osaka alimwambia misuli imechoka, pumzisha miezi sita, huenda ikarudi, na huenda isirudi, mzee wangu, umeitumia sana, na yeye akashukuru, akavaa viatu, akaenda mazoezini, hakumwambia mtu. Leo katika wimbo wa pili noti imemponyoka, ikatoka hewa tupu, fyuu, na Kajiwara wa saksafoni akaifunika haraka bila kumtazama, adabu zake, afadhali angemtazama... Wamekaa chini ya turubai kando ya jukwaa, bendi nzima ya Namazu, yaani Kambare, suti nyeusi zimewaganda, kofia zinachuruzika, kambare kweli, jina limewapata, na mbele yao mteremko ambao wakati wa baridi watu huteleza kwenye theluji sasa ni majani matupu na maelfu ya makoti ya mvua, ya njano, ya bluu, ya waridi, hakuna anayeondoka, jamani nendeni nyumbani, hamna nyumba? "Sono, mdomo vipi?" akauliza Murao, kiongozi wao, mpiga gitaa, akikamua tai yake. "Mzima." "Eh?" "Mzima, nimesema!" Mzima, mzima wapi, atamwambia baada ya onyesho, kwenye basi, au kesho, atamwambia Murao mimi basi, tafuta mwingine, halafu atalala wiki nzima, na Chizuko mkewe keshamwonya, "Ustaafu, sikukatazi, lakini sitaki mtu wa kunifuatafuata jikoni akinionjea supu."

Wimbo wenyewe wala hawakuutunga, uliwaingilia dirishani. Enzi za ujana walikuwa wakiishi yeye na Hagiwara mpiga ngoma katika chumba kimoja juu ya nyumba ya kuogea, chumba chenye unyevu hata godoro lilikuwa likiota ukungu, na kila saa kumi alasiri mzee muuza tofu, ile jibini laini ya soya, alipita kwa baiskeli akipuliza kipembe chake cha shaba, noti mbili tu, tooo-fuuu, na Hagiwara mwenye pombe ya jana kichwani akafunika uso kwa mto, "Mwambie huyo mzee anyamaze, la sivyo namshukia!" na Sonobe kwa utani akatoa tromboni nje ya dirisha akamjibu mzee zilezile noti mbili, na mzee akasimamisha baiskeli, akatazama juu, akapuliza tena, na Hagiwara akainuka na vijiti vyake vya kulia chakula, akaanza kugonga sufuria, hagongi juu ya pigo, anagonga katikati, pale ambapo mtu mwingine angevuta pumzi, cha, cha, cha, akapiga kelele, "Usiache! Ukiacha nakuua, usiache!" Na hakuacha, ndiyo shida, hajaacha tangu siku hiyo. Wakauita "Tofu ya Saa Kumi." Bendi za shule zikauchukua, wakaupuliza kwenye viwanja vya besiboli kumtia moyo mpiga mpira aliyekwisha kukosa mara mbili, ukapigwa madukani kwenye samaki waliopunguzwa bei, ukapigwa harusini, na Februari mwaka huu ukapigwa kwenye mazishi ya Hagiwara mwenyewe, mjane wake ndiye aliyetaka, na Sonobe akapuliza mbele ya jeneza huku moshi wa ubani ukimwingia kooni, akamaliza, ndiyo, siku ile mdomo ulikuwa mzima bado. Kule hospitali Hagiwara hakuwa akisema tena, vidole tu vilikuwa vikigonga chuma cha kitanda, na muuguzi akauliza, "Anataka maji?" na binti yake Minori akajibu, "Hapana, yuko ubeti wa pili." Minori huyu hapa, aliyekalia kiti cha ngoma cha baba yake, hodari, lakini ana mbio, kila wimbo unamwacha Sonobe kama mtu anayeifukuza treni akiwa na mizigo... "Mjomba," akasema sasa, akijipangusa uso kwa mkono wa koti, "hivi baba aliwahi kuuchoka huu wimbo?" "Kila siku." "Kweli?" "Alisema ni kama wali. Umeuchoka, lakini utakula nini mezani bila wali?" Akacheka yule binti, akacheka kwa meno ya baba yake, na Sonobe akatazama pembeni, Mungu wangu, nimechoka, hata kukumbuka nimechoka.

Na hapo mtu mmoja huko juu mteremkoni, sauti ya bia, akaachia noti mbili, tooo-fuuu, watu wakacheka, na mwingine upande wa pili akamjibu, tooo-fuuu, halafu makofi, na makofi hayakuwa juu ya pigo, yalikuwa katikati, yaleyale ya sufuria, nani kawafundisha, wengine pale walikuwa hawajazaliwa, na sasa mlima mzima unaimba, pa-pa-raa, vibaya, kwa haraka, kila mtu akiingia kwa mlango wake, na Kajiwara akaanza kutikisa mguu, na Sonobe akasikia kitu kinamchoma kifuani, wivu, wezi hawa, wameingia kwangu bila kuvua viatu, na wakafika kwenye solo lake na hawakunyamaza, wakaliimba, lote, wakavuta pumzi pale alipovuta yeye, ile noti ya juu aliyoikatisha studio walipourekodi kwa sababu alipungukiwa hewa wakaikatisha palepale, maelfu ya watu wazima katika mvua wakipungukiwa hewa kwa makusudi. Hagiwara hayupo na pigo lake lipo. Nilidhani nimeubeba, akawaza, miaka yote hii mgongo unaniuma nikidhani mimi ndiye niliyeubeba, kumbe umekwisha kutoka dirishani zamani, unatembea wenyewe mtaani na baiskeli yake, haunidai kitu, unanikaribisha tu... "Murao." "Eh?" "Mdomo wangu umekufa." "Nini?" "Mdomo! Tangu majira ya kuchipua!" Murao akamvuta kwa bega akamkalisha upande wake wa kulia. "Sema huku. Hilo sikio la kushoto halisikii tangu mwaka juzi." "Hukutuambia!" "Na wewe je, ulitangaza redioni?" Sonobe akacheka, upande mmoja wa mdomo ukipanda na mwingine ukibaki, akacheka hadi machozi. "Noti ya juu siiwezi, Murao, sikutanii." "Basi piga za chini." "Na ya juu?" Murao akaelekeza kidevu mlimani, kwenye makoti yale ya rangi rangi ambayo sasa yalikuwa yakiuanza wimbo upya. Radi ikapiga tena, ya mbali au ya karibu hakujali, mvua ileile, turubai lilelile, hakuna aliyekuja kuwaambia lolote, na Sonobe akasogeza kiti hadi kwa Minori, akamshika kifundo cha mkono kilichokuwa tayari kinarukaruka. "Mwanangu, wakituruhusu, usikimbie. Nipe nafasi. Nitakuja polepole, lakini nitakuja."