Mbwa Wawili wa Mama

Kila asubuhi kabla sijavaa viatu vya shule natunga uzi kwenye sindano kumi. Tano nyeupe, tano bluu. Nazichoma kwenye sponji pembeni ya cherehani ili Mama asihangaike nikiwa darasani. Lakini uzi wa cherehani wenyewe ukikatika mchana, inabidi asimame mlangoni aite mpita njia: "Mwanangu, hebu njoo uniazime macho."

Mama ni fundi nguo. Anashona sare za shule ya jirani, na ndizo zinazotulisha. Mwezi uliopita mwalimu mkuu alirudisha mashati sita.

"Fundi, kola zimekwenda upande," akasema. "Nakuheshimu, ila zikirudi tena muhula ujao, kazi nitampa mwingine."

Mama alicheka, akasema usijali mwalimu. Mwalimu alipoondoka, Mama akakaa na shati moja mapajani muda mrefu bila kushona. Daktari wa macho alishampima na kumwambia anahitaji miwani. Karatasi ya vipimo ikabaki kwenye kopo la vifungo, maana pesa ya miwani haikuwepo.

Mimi siwezi kuongea na watu. Mteja akiingia najificha nyuma ya nguo zilizotundikwa. Kwa hiyo mjomba aliponiambia kuna tovuti inalipa watu kwa kujibu maswali, nilifurahi sana. Maswali hayakuangalii usoni. Ilitakiwa anayejibu awe mtu mzima, nikamuomba Mama nimsajili.

"Sawa," akasema, "mradi usiniuze."

Wiki ya kwanza nilijibu ukweli mtupu. Una gari? Hapana. Umepanda ndege mwaka huu? Hapana. Una mtoto mchanga? Hapana. Swali la tatu au la nne likipita tu, yanatokea maandishi: "Asante, lakini hufai kwa utafiti huu." Siku moja hiyo "hufai" ilitoka mara kumi na moja. Nikaanza kuona kama Mama ndiye anaambiwa.

Mjomba anatengeneza simu kwenye meza nje ya mlango wetu. Akachungulia.

"We bubu, hao wanataka watu wenye vitu. Basi wape vitu! Watajuaje?"

Nikampa Mama gari. Nikampa friji ya milango miwili. Nikampa mbwa wawili, mkubwa na mdogo. Waliponiuliza kama ana shida ya kuona, nikajaza hapana, maana mwenye gari atakosaje miwani?

Maswali yakamiminika kama bomba limepasuka. Nilijibu kuhusu matairi, nikajibu kuhusu shampuu ya mbwa. Nilisema mbwa mdogo anaringa, chakula cha kopo hagusi. Pointi, ambazo zikifika kiwango unazitoa kama pesa, zikapanda mpaka ikabaki kidogo tu zitoshe kutolewa, na zingetosha miwani.

Jumamosi Mama alikuwa anapinda suruali, mimi napiga pasi. Simu ikaita. Mama akaiweka sauti ya nje.

"Habari za mchana, mama. Tunapiga kuhusu mbwa wako wawili."

Mama akaacha sindano. "Wamemng'ata nani?"

"Hapana mama, tunataka kujua tu kuhusu yule mdogo asiyekula—"

"Dada yangu, mimi hata paka sina! Kama kuna mtu kang'atwa huko, mtafuteni mwenye mbwa."

Nje nikasikia bisibisi ya mjomba imeanguka. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa nimeshaunguza ukosi wa shati.

Kabla ya jioni akaunti ilifungwa. Pointi zote zikaenda nayo. Nikamwambia Mama kila kitu, nikiwa naangalia sakafu.

"Na hilo gari langu, rangi gani?"

"Jekundu," nikanong'ona.

"Jekundu! Hata rangi hukuniuliza." Kisha akaacha utani. "Na macho? Umewaambiaje?"

"Nimesema unaona vizuri."

"Hapo umeniuma, mwanangu. Gari ni ndoto, sawa. Lakini macho haya yamechoka kwa kukusomesha wewe. Usiyafiche kama vile nimeyaiba." Akanisukumia simu. "Wapigie. Kaombe radhi."

Afadhali angeniambia nifue nguo za mtaa mzima. Nilipiga, nikakata, nikapiga tena. Akapokea dada yule yule.

"Mimi ndiye niliyejaza," nikasema. "Mama hana mbwa. Hana gari. Ana cherehani."

Dada akacheka, cheko la mtu aliyechoka kazini. Akasema pointi hazirudi, ila anaweza kutufungulia upya mara moja tu. "Jaza kila kitu, hata vile vidogo ambavyo watu wanaviruka. Anafanya kazi gani, anakaa saa ngapi, anaumwa nini. Wenye magari tunao mpaka tunawakataa. Mafundi nguo ndio tunawatafuta."

Tukajaza pamoja, Mama anajibu huku anashona, mimi naandika. Siku nane hakuna kitu isipokuwa maswali mafupi ya sabuni. Ya tisa ukaja utafiti wa watu wanaofanya kazi za mikono na hawaoni karibu. Watakaochaguliwa watatumiwa miwani kulingana na vipimo vyao, waivae kazini na kusema inawafaa vipi. Mama akatoa karatasi ya vipimo kwenye kopo la vifungo.

Swali la kwanza likapita. La pili, la tano, la tisa. Kila nikibonyeza nafumba macho. La mwisho lilikuwa la kuandika: "Usipoona vizuri, nani anakusaidia?"

"Andika," Mama akasema. "Nina binti. Haongei sana. Kila asubuhi ananiachia sindano kumi, na bado hajawahi kuchelewa shule."

Niliandika polepole, herufi zinacheza machoni. Nikatuma. Duara likazunguka, likazunguka.

"Wamesemaje?" Mama akauliza, ameichukua simu na kuishika mbali kama kioo. "Mimi naona ukungu tu."

"Wamesema unafaa."

"Sema kwa sauti, na mjomba wako asikie."

Nikazipita nguo zilizotundikwa, maficho yangu, nikasimama mlangoni. Wateja wawili walikuwa mezani kwa mjomba, wote wakageuka kuniangalia.

"Mama anafaa!" nikasema.