Ncha Nne za Shuka

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa chini kabisa ya jengo, na mvuke wake haukujua pa kutokea. Ulipanda hadi darini, ukashuka tena taratibu juu ya mashuka, na aliyefanya kazi humo kwa muda mrefu alianza kujihisi yumo ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mama Haleluya aliupenda mvuke huo. Jina la utani alilipata kwa maombi yake: akianza kuomba, hata wagonjwa wa ghorofa ya pili walijua.

Leo alikuwa bubu. Binti yake, kifungua mimba, alikuwa huko juu, chumba cha upasuaji, akijifungua. Mtoto amekaa vibaya tumboni, na damu imeanza kutoka mapema. Muuguzi alikuwa amemwambia asubiri. Asubiri wapi? Akarudi kazini, akashika shuka, akafungua kinywa amwombee mwanawe. Alimtaja Mungu mara moja tu, maneno mengine yasije. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake.

Upande wa pili wa meza alikuwa Bibi Rozari, naye akikunja shuka peke yake.

Sasa, shuka la hospitali si la kukunjwa na mtu mmoja. Wawili hushika ncha, hulivuta likanyooka, kisha husogeleana. Mmoja humpa mwenzake ncha zake, akainama kuokota pindo la chini. Wanawake hawa walikuwa wamefanya hivyo tangu wana meno yote. Halafu mvua za mwaka huu zilipoanza, wakiwa wanakula mchana, Mama Haleluya akasema maji wanayobatizia kina Bibi Rozari hayatoshi kulowesha kifaranga. Bibi Rozari akajibu kwamba hata yeye angepiga kelele kama Mungu wake angekuwa kiziwi. Wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Tangu siku hiyo kila mmoja alikunja yake, ncha zikiburuta sakafuni, na msimamizi akawa anayarudisha mashuka yafuliwe upya huku akiuliza ni shetani gani ameingia humu ndani.

Mama Haleluya alisimama na shuka lake mkononi, mashine zikiunguruma polepole. Akaliona likirefuka. Lilitoka mlangoni, likafuata barabara, likapita makanisa yote ya mji, na katika kila mlango palikuwa na mkono ulioshika pindo. Aliutafuta mkono wake mwenyewe katika safu ile, asiuone.

"Nipe huko," sauti ikasema.

Shuka likakazika. Bibi Rozari alikuwa ameshika ncha za upande wa pili.

"Dada, siwezi kuomba," Mama Haleluya akasema. "Mimi, siwezi."

"Najua. Leo hata panya wameshangaa ulivyo kimya. Haya, twende pole pole. Mungu ni Baba yetu."

"Ni Baba," akaitikia, akapiga hatua.

"Ndiye aliyeumba mbingu na nchi, na huyo aliye tumboni."

"Ndiye."

Wakakutana katikati. Vidole vya Bibi Rozari vilikuwa vya moto na vimekunjamana kwa sabuni, kama vyake.

"Mwanawe akawa mtu kwa ajili yetu."

"Akafa msalabani," Mama Haleluya akasema, na sauti ikaanza kumrudia.

"Akazikwa."

"Akafufuka," wakasema pamoja, wala hakuna aliyemngoja mwenzake.

Muda wote huo Mama Haleluya alikuwa akingoja neno ambalo yeye angelikataa. Alikuwa na hakika lipo. Bibi Rozari hangekosa kusema jambo ambalo mchungaji wa kina Mama Haleluya alikwisha kuwaonya juu yake. Wakafika kwa Roho Mtakatifu. Wakafika kwenye msamaha wa dhambi, na hapo wote wawili wakaangalia chini. Shuka likawa limekwisha, dogo, juu ya mikono yao, na neno lile halijaja.

"Nilikusema vibaya," Mama Haleluya akasema.

"Na mimi pia. Shika jingine."

Wakakunja wakianza upya kila shuka, kwa Baba, hadi rundo likawafika kifuani na mvuke ukaficha kuta. Walikuwa katikati ya shuka jingine muuguzi alipoingia kutaka shuka safi.

"La binti yako," akasema. "Ametoka salama. Mjukuu ni wa kike, na ana hasira."

Bibi Rozari alifanya ishara ya msalaba. Mama Haleluya alilia bila kuachia ncha zake. Muuguzi aliponyoosha mkono achukue shuka la juu, Mama Haleluya akamzuia.

"Chukua lile la chini kabisa, tulilolikunja kwanza. Hilo ndilo lake."

Muuguzi akalichomoa. Aliwajua wote wawili, na ugomvi wao aliujua kama hospitali nzima ilivyoujua. Alipofika mlangoni akashindwa kujizuia.

"Na huyu mtoto atanyunyiziwa maji au atasubiri azamishwe?"

Wazee wale wakatazamana, shuka limekazika kati yao.

"Hilo tutaligombania Jumapili," Bibi Rozari akasema. "Leo, mwenzangu, usiachie."