Mfuko wa Mchanga

Kwaruu. Kimya. Kwaruu.

Hivyo ndivyo nilivyoamshwa miaka ile, kabla hakujapambazuka: mjukuu wangu akiburuta mguu wa kushoto sakafuni kwenda kuwasha jiko, akijitahidi asiniamshe. Tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika.

Alivunjika paja alipoanguka akicheza juu ya ukuta wa shule. Hospitalini wakasema mfupa unataka chuma, chuma hakuna, nendeni nyumbani mrudi baada ya wiki mbili. Tukarudi. Nendeni, rudini tena. Mfupa wa mtoto haujui kungoja foleni. Uliunga wenyewe, umepinda kama mpini wa mwavuli, mguu ukawa mfupi. Hasira yangu sikuwa na pa kuipeleka. Niliimalizia kwenye nguo nilizofua.

Kisha akaja daktari wa mifupa, mama mmoja mwembamba, na masanduku ya vyuma. Alimpapasa Chiriku paja, akaniambia taratibu, "Bibi, itabidi tuuvunje tena ndipo tuunyooshe."

"Ulipovunjika wenyewe mlitufukuza. Leo mnataka kuuvunja nyie?"

Alivuta kiti, akaketi karibu yangu, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Wengi wangekuwa wamekwisha kwenda zao. Aliyeamua ni Chiriku mwenyewe.

"Waache wavunje, Bibi. Nimechoka kuwashikia wenzangu viatu wakicheza."

Alipozinduka baada ya upasuaji aliuliza, "Umenyooka?"

"Umenyooka."

"Sasa mbona unalia? Wa kulia si mimi?"

Kitanda cha jirani alilazwa mtoto wa kike, mdogo kuliko Chiriku, paja limevunjika wiki ileile. Mama yake alikuwa amerudi nyumbani kwa mapacha wachanga, kwa hiyo niliwalisha wote wawili bakuli moja. Mfagiaji wa wodi, bila kuambiwa na mtu, alikunja kitambaa chake cha kichwa akamwekea yule mdogo chini ya kisigino.

Asubuhi moja msimamizi wa wodi akapita. Vyuma vimekwisha, akasema, akimwonyesha yule mdogo. Huyu aende nyumbani, arudi baada ya wiki mbili.

Maneno yaleyale. Nilimfuata mpaka kwenye korido.

"Baba, mfupa hautamsubiri. Utaunga umepinda, kisha mje mumvunje. Kama huamini, kamwangalie wangu pale."

"Bibi, haya hayakuhusu. Yule si mjukuu wako."

"Na wewe si daktari. Kamwite."

Wagonjwa wakacheka. Alikwenda, shingo imemvimba.

Daktari alikuja na kamba, kigurudumu cha kapi na mfuko wa mchanga. Aliufunga mguu wa mtoto, akapitisha kamba juu ya kapi, akauachia mfuko uning'inie mwisho wa kitanda.

"Huyu hahitaji chuma," alisema. "Uzito huu utauvuta mfupa ukae sawa mpaka uunge. Anachohitaji ni kulala hapa tu."

"Vitanda hatuna," msimamizi akasema.

"Anacho. Si huyo amekilalia?"

Mimi nilikuwa nautazama ule mfuko.

"Daktari. Na wangu, siku ile ya kwanza, mchanga ungetosha?"

Alitazama chini. Angeweza kunidanganya, nami ningemshukuru.

"Ungetosha, Bibi."

Mchanga! Si dawa ya ng'ambo, si mashine. Chiriku leo ni mtu mzima, ana watoto wanaomkimbiza, na mimi nimesamehe mengi. Lakini nikipita penye lundo la mchanga wa wajenzi, bado moyo hunichemka.

Siku ya kuondoka, Chiriku alitangulia kwa magongo, akiaga hata watu asiowajua. Mimi niliinama kumwekea yule mdogo mto sawa. Akanishika kidole.

"Kesho utakuja, Bibi?"

"Kwetu mbali, mama."

Akafikiri kidogo, kidole hajakiachia.

"Basi njoo keshokutwa."