Kuwahi Mazishi

Saa kumi na nusu alfajiri Prudence alikuwa ameshaondoka kwenda kusafisha ofisi za watu. Juu ya meza ya jikoni alimwachia shemeji yake Callixte karatasi yenye majina ya vituo, na kando yake kadi ya treni ya marehemu mumewe, Anastase. Kadi hiyo ilikuwa imelipiwa hadi mwisho wa mwezi. Viza ya Callixte ilikuwa inaisha Jumapili.

Kulipokucha alivaa koti la mdogo wake, akavaa buti za mdogo wake juu ya soksi jozi tatu, akatoka. Kwao Bwiza, Bujumbura, Callixte ni fundi cherehani anayeheshimika. Hapa Hjulsta, katika nchi ya Waswidi, alikuwa mzee wa miaka sitini anayetembea juu ya barafu kama kuku aliyefungwa miguu. Baridi ilimshika masikio, ikakataa kumwachia. Ndani ya treni aliwaamkia watu. Wakatazama simu zao, naye akaketi.

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Aliomba viza ya siku kumi Anastase akiwa bado hospitalini. Viza ilipotoka, Anastase akafa. “Usikimbie, shemeji,” Prudence alimwambia kwenye simu. “Huku hawaziki mbio-mbio.” Callixte alikasirika. Mtu anaambiwaje asikimbilie maiti ya ndugu yake? Kwao siku ya tatu ni kuchelewa. Kesho yake akapanda ndege. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini nani angedhani walikuwa wakizungumzia mazishi?

Ofisi ya mazishi ilikuwa katikati ya mji, safi, ina mishumaa dirishani. Mama mmoja wa Kiswidi alimpokea vizuri, akampa kahawa, akaweka simu katikati ya meza. Mkalimani alikuwa humo ndani ya simu.

“Mimi naitwa Annelie,” ikasema sauti nzito ya mwanamume, kwa Kiswahili cha Dar es Salaam. “Nakupa pole kwa msiba.”

Callixte akaitazama simu, akamtazama yule mama. Ilimchukua muda kuelewa kwamba Annelie ndiye yule mama, na kwamba mkalimani amekatazwa kuwa na “mimi” yake mwenyewe.

“Mazishi ni tarehe sita Februari, saa tano asubuhi,” Annelie aliendelea kwa sauti yake ya kiume.

“Leo ni tarehe kumi na tatu Januari. Ndege yangu ni Jumamosi hii.”

“Nasikitika sana.”

“Mdogo wangu iko kwenye frigo ya maiti. Mimi niko hapa. Watoto wake wako hapa. Tunangoja nini?”

Mama alifikiri kabla ya kujibu. Kulikuwa na karatasi ya kibali cha kuzika kutoka ofisi ya kodi, kulikuwa na zamu ya kanisa, kulikuwa na zamu ya makaburi. Hakuna aliyechelewa, alisema; mwezi mmoja ni kawaida. Kuhusu viza, hilo halikuwa jambo lao. Callixte alijua. Wenye jambo lao, watu wa uhamiaji, walikuwa wamemjibu jana kwamba nafasi ya kuonana naye ingepatikana Februari.

“Kwetu mkubwa ndiye anatupa udongo wa kwanza,” alisema polepole, ili simu isikose neno. “Asipotupa, marehemu hajaagwa.”

Annelie aliinamisha kichwa kwa heshima. “Unaweza kufuata mazishi moja kwa moja kwenye simu ukiwa nyumbani. Wengi wanaipenda huduma hiyo.”

“Na udongo nitautupa kwa simu?”

Simu ikatafsiri. Kisha mkalimani akaongeza lake mwenyewe kwa haraka, “Pole sana, mzee.” Yule mama akauliza kilichosemwa.

Alipotoka saa tisa alasiri, giza lilikuwa limeanza kuingia. Prudence alikuwa ameandika apande njia ya buluu. Alisahau kuandika kwamba njia hiyo hugawanyika mbele. Callixte akapanda treni ya kwanza iliyokuja. Ilipotoka chini ya ardhi aliona majengo ya vioo, taa zinawaka ghorofa kwa ghorofa, na kibao: Kista. Jina hilo alilijua. Ndipo Anastase alipokuwa akisafisha. Akahesabu ghorofa hadi machozi yakamzuia. Mwisho wa reli, Akalla, kijana mmoja alimwonyesha kwa vidole jinsi ya kurudi nyuma na kubadilisha treni.

Prudence alikuwa ameshafika. Alimsikiliza shemeji yake hadi mwisho, bila kusema “nilikwambia.”

“Una jembe?” Callixte akauliza.

“Jembe, ghorofa ya tano?”

Callixte akachukua mwiko wa chuma jikoni, akashuka. Prudence na binti yake Natacha wakamfuata. Mbele ya mlango wa jengo alipiga magoti, akafukua theluji, akafukua barafu, akagonga udongo. Ulikuwa mgumu kama sakafu. Mwiko ukapinda.

Kando ya mlango palikuwa na sanduku la manjano lenye kokoto za kumwaga njiani ili watu wasianguke. Natacha, ambaye siku nzima huwajibu wakubwa kwa Kiswidi, alilifunua.

“Hii, baba mkubwa,” akasema.

Callixte akajaza kiganja, akasimama pale alipopita mdogo wake kila alfajiri kwa miaka kumi na tisa.

“Anastase, mimi kaka yako. Nimekuja, na niliwahi. Wao ndio hawako tayari.”

Akatupa. Kisha Prudence akatupa, kisha Natacha. Wakasimama, mikono imekufa ganzi.

Jirani mmoja, mwanamke mwenye mifuko ya sokoni, akafika mlangoni. Akatazama kokoto zilizotapakaa juu ya barafu, akatabasamu, akasema maneno mawili matatu.

“Anasemaje?” Callixte akauliza.

“Anatushukuru,” Prudence akajibu. “Kwamba tumemwaga, watu wasiteleze.”

Callixte akavua kofia. Yule mwanamke akapita juu ya kokoto, hatua kwa hatua, akaingia ndani.