Dawa ya Nyumba Nzima

Asubuhi Taaka alipofungua kopo na kukuta vidonge vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, hakulia. Kulia alikuwa amelia vya kutosha mwaka uliopita. Alilitikisa kopo, akachungulia tena kana kwamba vidonge vingeona haya na kurudi, kisha akatoka nje kumtafuta mama mkwe wake, wembe ukiwa bado mkononi.

Wembe ule ulikuwa wa kukatia vidonge tu. Lakini Akongo, mama mkwe, aliyekuwa ameinama uani akitandaza wimbi juani, aliuona wembe kabla hajamwona mwenye nao.

"Toto, dawa zangu zimekwenda wapi?" Toto ni mama kwa Kiteso, na hilo lilikuwa miongoni mwa maneno machache ya Kiteso aliyoyamudu Taaka. Yeye alikuwa Msamia wa Busia aliyeolewa kwa Wateso wa Molo, karibu na Tororo, na nyumbani walisemezana Kiswahili cha sokoni.

"Weka hiyo wembe chini kwanza."

"Dawa zangu, Toto."

Akongo aliendelea kutandaza wimbi. "Jirani Nashon alikuja, mgongo inauma, mimi nampa. Bibi ya Oguttu alikuwa na homa, nampa. Ile mbuzi ilivimba tumbo..."

"Umempa mbuzi dawa yangu?"

"Ilipona," alisema Akongo.

Ndivyo ilivyokuwa katika boma lile. Chumvi ilikuwa ya wote, moto wa wote, sabuni ya wote, na anayekula peke yake alitiliwa shaka ya uchawi. Dawa iliyowekwa kwenye rafu ya nyumba ilikuwa dawa ya nyumba, na hakuna aliyewahi kusikia dawa ya kichwa cha mtu mmoja. Taaka aliyajua hayo yote, na kuyajua kulimzidishia hasira badala ya kuipunguza, maana hakuwa na pa kuipeleka.

Si kwamba hakuwaeleza. Aliwaeleza hadi mdomo ukamkauka. Alipojifungua Edeku, mwanawe wa kwanza, mwaka mmoja baada ya Uganda kupata Uhuru, kitu kilimzima. Alilala akiutazama ukuta, akimsikia mtoto analia kana kwamba ni mtoto wa boma la jirani. Hakumchukia mtu, hakumtaka mtu. Molo walisema ni wazimu. Mumewe Otai, fundi katika kiwanda cha saruji Tororo, alimrudisha kwao Busia, na kwao wakamvusha mpaka hadi zahanati ya misheni upande wa Kenya. Daktari wa pale akampa vidonge, akamwambia avumilie, na baada ya majuma mengi siku moja alijikuta anauliza kuna nini cha kula. Akarudi kwa mumewe akiwa mzima.

Sasa daktari alikuwa amesema wakati wa kuviacha umefika, lakini polepole. Mwili umevizoea, alisema, na ukivinyang'anya ghafla utakugomea. Apunguze kidogo, angoje mwili utulie, apunguze tena. Kwa kuwa yeye alikuja Busia mara chache tu kutoka Kisumu, alimjazia kopo la kumfikisha hadi mavuno yajayo ya wimbi. Taaka alikuwa ameshuka kutoka vidonge kadhaa hadi kimoja asubuhi na kimoja jioni, kisha hadi nusu asubuhi na nusu jioni. Alikuwa anajivunia kazi ile kama mtu anayeshuka mlima na mzigo kichwani bila kumwaga.

Na kulikuwa na jambo la Edeku. Mama yake alipougua, mtoto alilelewa Kirewa na Adeke, dada mkubwa wa Otai, ambaye hakujaliwa kuzaa. Adeke alimrudisha kwa shingo upande, na kwa sharti moja lililosemwa mbele ya wakubwa wa ukoo: ugonjwa ukirudi, mtoto anarudi Kirewa, na safari hiyo kwa kudumu. Taaka alikubali. Angekataa kwa mdomo gani wakati ule?

Jioni Otai alirudi kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alisikiliza, akanawa, akasema, "Ni mama. Sasa unataka nimfanye nini?"

"Nataka umwambie si zake."

"Taaka, vidonge tu hivyo."

Vidonge tu! Mwanamume aliyemkuta mkewe hajaoga majuma mazima, akambeba mgongoni hadi stendi, leo anasema vidonge tu. Taaka alimpakulia chakula, akaisukuma sahani hadi ikagonga ukingo wa meza.

Kesho yake alipanda basi hadi Busia, akavuka kwa miguu hadi zahanati. Maggie, muuguzi wa pale, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kabati la dawa zile limefungwa, alisema, na ufunguo anao daktari, naye yuko Kisumu hadi wiki ijayo. "Hivyo ulivyobaki navyo, vikate robo robo. Utatapika, utatoka jasho, utalia. Usiogope. Huo si ule ugonjwa. Ni mwili unadai dawa yake."

"Na nikiwaambia wakwe hivyo?"

Maggie alirudi kupanga chupa zake. Hata yeye alikuwa na wakwe.

Yalimpata kama alivyoambiwa. Jasho lilimtoka akiwa kivulini. Chakula kilikataa kukaa tumboni. Akigeuza macho haraka, kitu kilishtuka kichwani, kama mtu aliyekanyaga shimo asilolitarajia. Ndoto zake zilikuwa na rangi kali kuliko mchana. Kibaya zaidi ni machozi: yuko anamenya viazi, yanamtiririka, na moyoni hana huzuni hata chembe, ana hasira tu. Na ile hasira ilimpa faraja. Alipokuwa mgonjwa kweli hakuwahi kumkasirikia hata nzi.

Lakini machozi ni machozi. Watu waliyaona, na wembe nao ulikuwa umeshasafiri. Ulipotoka uani kwa Akongo ulikuwa wembe wa kukatia vidonge. Ulipofika kisimani Taaka alikuwa amemkimbiza mama mkwe. Ulipofika kwa Ilukor, kaka mkubwa wa Otai, mama yake alikuwa ameponea chupuchupu. Ilukor hakuja kuuliza. Alikuja kutangaza siku ya kikao.

Siku hiyo Adeke aliwasili kutoka Kirewa mapema mno kwa mtu aliyekuja kusikiliza. Alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu nguo mpya za mtoto, zimekunjwa vizuri. Taaka aliziona, akahisi damu inampanda hadi masikioni. Kikao hakijakaa na tayari mtoto ameshonewa nguo.

Wakaketi alasiri, wamezunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Taaka alipiga magoti pembeni, kama inavyompasa mkwe mbele ya wakubwa, Edeku akiwa amelala mgongoni mwake. Ilukor alisema maneno yake. Ugonjwa umerudi, kila mtu anaona. Mwanamke anatetemeka, analia bila sababu, alimjia mama na wembe. Hawamfukuzi, alisema, maana wao si watu wabaya. Wanataka mtoto akae salama tu.

"Otai, unasemaje?" akauliza.

Otai aliutazama mrija wake. "Sharti tulikubaliana wote," alisema.

Taaka alijaribu kueleza habari ya mwili unaodai dawa. Ilukor alitabasamu kwa upole wa kuudhi. "Shemeji, dawa ni ya kuponya. Dawa gani hiyo mtu akiiacha anaugua? Sisi si watoto."

Kabla ya wengine kunywa, aliyepika ajon sharti avute kwanza, wageni waone kwamba chungu ni salama. Aliyepika alikuwa Akongo. Alisogeza kigoda, akaushika mrija, na mrija ukagonga ukingo wa chungu. Akaushika kwa mikono miwili, ukagonga tena. Alivuta kidogo, akakunja uso, akafumba macho kama mtu anayezuia kitu kisipande kooni.

Taaka alimtazama. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alimtazama kama mtu, si kama adui. Gomesi ya Akongo, lile gauni refu la kufunga mshipi, ilikuwa imelowa shingoni, na upepo ulikuwa wa baridi. Adeke alipomwita kutoka upande, Akongo aligeuka haraka, kisha akakishika kichwa kwa kiganja. Taaka alikijua kile kiganja. Alikuwa anakishika kichwa chake vilevile tangu atoke Busia.

"Toto," alisema, "umeacha lini?"

"Kuacha nini?"

"Vidonge vyangu."

Ilukor akainua kidole. "Unamtukana mama yetu mbele ya chungu? Mama ana malaria."

Hapo Taaka akasimama. Mkwe hasimami mbele ya wakubwa wa mumewe, na mzee mmoja aliguna kuona anasimama, lakini magoti yalikuwa yamechoka na adabu pia.

"Malaria," alisema. "Basi mimi pia nina malaria. Jasho langu na lake ni moja. Mtetemeko wangu na wake ni mmoja. Leo asubuhi alitapika nyuma ya ghala, nami najua kwa sababu nilikuwa natapika upande wa pili. Kopo langu halikumalizwa na Nashon wala mke wa Oguttu. Wala na mbuzi. Kama huu ni wazimu, basi mko na wendawazimu wawili katika boma hili. Shemeji Ilukor, kama unapanga watu wa kupelekwa mbali, anza na mama yako. Na kama yeye si mwendawazimu, nipe sababu moja ya hicho kikapu."

Mtoto aliamka mgongoni, akaanza kulia. Hakuna aliyemtuliza. Wote walikuwa wakimtazama Akongo, wakimngoja akane, na Taaka aliona wazi kwamba akikana wataamini. Akasema moyoni kwamba kesi yake yote iko pale, kwenye mdomo wa mwanamke yule aliyemmalizia dawa yake. Hasira ilimshika upya, kali kuliko ya siku ya kopo.

Akongo aliuachilia mrija.

"Malaria hapana," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba yenu akizikwa, mimi silali tena. Nakaa macho mpaka jogoo. Nikiona huyu msichana, alikuwa hata haongei, anameza hizo, anaanza kucheka. Nikasema wacha mimi pia nimeze. Nikalala. Kila siku nameza moja. Hata ya Nashon nilimpa moja tu. Sasa zimeisha, na kichwa yangu inaruka, tumbo inakataa. Kama vile yeye anasema."

"Mama," alisema Ilukor, "mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nyinyi?" Akongo alimgeukia polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kichwa chake mwenyewe. "Nilisikia vile mlimsema huyu. Mimi mwenyewe nilimsema kupita wote."

Mzee aliyeguna akaanza kuusafisha mrija wake, ingawa haukuwa na uchafu. Adeke alikivuta kikapu miguuni, akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza siku ile Taaka alimwonea huruma mtu, japo haikudumu.

"Edeku habanduki hapa," Akongo alimwambia binti yake. "Utakuja kumwona. Kumchukua hapana."

Otai aliinuka, akamwendea mkewe, akanyoosha mikono ampokee mtoto. Taaka alimpita. Alikwenda hadi kwenye kigoda cha mama mkwe wake, akasimama mbele yake.

"Uliniona natapika," alisema. "Ulijua ni nini, kwa sababu ulikuwa nacho wewe mwenyewe. Ukapika pombe ya kikao. Ungekaa kimya hivyohivyo mpaka mtoto wangu afike Kirewa?"

Akongo alitazama chini. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye gomesi, na Taaka, aliyeyajua machozi yale, hakuweza kujua kama yalikuwa ya majuto au ya vidonge.

Angeweza kuondoka hapo. Alitaka kuondoka, amwache atokwe na jasho na kuota zile ndoto peke yake, kama alivyomwacha yeye. Badala yake alifungua fundo la mshipi wake. Mlikuwa na vidonge vilivyobaki, vimekatwa robo robo, vichache mno kwa mtu mmoja hadi daktari arudi, sembuse wawili. Akavigawa mafungu mawili kwa kucha. Kutoka fungu la mwenzake alichukua robo moja, akaiweka katika kiganja kile kinachotetemeka, kisha akamnyooshea kibuyu cha maji.

"Vinavyobaki naviweka mimi, na utameza kwa mwendo wangu mimi," alisema. "Huongezi, humpi jirani, humpi mbuzi. Daktari akija tunavuka wote wawili, utamweleza kwa mdomo wako."

"Asante, mwanangu," alisema Akongo.

"Sijakusamehe," alisema Taaka. "Meza."